Uzoefu wangu na ekseli ya nyuma ya spidi mbili kwenye pikapu ya Ford ya 1940

Nimeitembelea hii ekseli miezi minane sasa ndo naona naweza kuisemea vizuri, maana wiki ya kwanza kila kitu kipya kinakuwa kitamu. Gari ni Ford pikapu ya 1940, ile V8 ya farasi 85, gia tatu, na ekseli niliyofunga ni Columbia ya spidi mbili (yaani difu yake ina spidi ya chini ya kawaida na ya juu ya kupunguza mizunguko ya injini), zile zilizokuwa zinatengenezwa Cleveland kule Marekani kwa ajili ya hizi hizi Ford za miaka ya 1930 na 1940.

Shida yangu ilikuwa injini kulia sana barabara kuu. Difu ya gari yangu ni 3.78 (yaani propela inazunguka mara 3.78 tairi likizunguka mara moja) na tairi zina kimo cha kama inchi 28, ukipiga hesabu, ukiwa maili 60 kwa saa (kama kilomita 97) injini inazunguka karibu mara 2,720 kwa dakika. Kwa gari la sasa hiyo si kitu ila kwa injini ya umri huu unaisikia kabisa inaumia, na mimi safari zangu ni ndefu. Columbia ikiwa spidi ya juu inapunguza hesabu hiyo ya difu asilimia 28, yaani 3.78 inakuwa kama 2.72, kwa hiyo mwendo ule ule injini inashuka mpaka kama 1,960. Kuna walionishauri niweke difu ya kisasa tu niachane na mambo ya kizee, lakini hizi pikapu propela iko ndani ya bomba na springi ya nyuma ni moja imelala kwa upana, ukiweka difu ya kisasa inabidi ukate na kuchomelea chasisi na mimi chasisi hii sikatii mtu.

Sasa nilinunua ya mtumba na muuzaji aliniapia iko tayari kufungwa. Haikuwa tayari. Nilipoifungua beringi moja ilikuwa imeshakula mashimo, sili zote zimekauka zimekuwa kama plastiki, na kutu ndani ya silinda ya vakyumu (ile inayobadilisha spidi kwa nguvu ya kunyonya hewa), iliniuma sana kwa sababu nilimwamini. Kwa hiyo ukinunua fungua kwanza, usikubali kuambiwa imefanyiwa kazi, angalia meno ya zile gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati, maana hizo ndo moyo wa kitu chenyewe na zikiwa zimelika huna ulichonunua. Zangu nashukuru zilikuwa nzima.

Kufunga ilituchukua siku nne mimi na fundi wangu. Unatoa ekseli nzima chini ya gari, inatoka pamoja na lile bomba la propela, na habu za nyuma usijaribu kuzigonga na nyundo, shafti yake ni ya mchongoko na ina kii, tafuta pula ya kwake la sivyo unaharibu nyuzi za shafti. Mtambo wenyewe unakaa upande wa kushoto kati ya difu na mkono wa ekseli, na shafti ya upande huo ni ya kwake sio ile uliyotoka nayo. Kilichotula muda ni kupima zile shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi), tulifunga tukafungua mara tatu mpaka krauni na pinieni, gia kuu mbili za difu, zikakaa vizuri bila kukaza beringi, na fundi hakukubali tufunge kwa kukadiria, nampa heko kwa hilo. Breki ilibidi tutoe upepo upya lakini hiyo ni kazi ndogo.

Kubadilisha ni hivi, unavuta kitufe kwenye dashibodi, unaachia mafuta, unakanyaga klachi, unaachia, imeingia. Nguvu ya kusukuma inatoka kwenye vakyumu ya manifoldi (bomba la kuingiza hewa kwenye injini) ndo maana ukiwa umekanyaga mafuta mpaka chini vakyumu inakuwa haipo na haitaingia hata uvute vipi. Hili lilinisumbua mlimani mwanzoni, nikawa nangoja injini ichoke ndo nirudishe ya chini, kumbe unarudisha mapema kabla ya kuanza kupanda. Na hosi za vakyumu! Mwezi wa pili ikawa inaingia siku nyingine haiingii, nikadhani beringi zimekufa nikakosa usingizi, kumbe ni kipande cha hosi kilichopasuka kwenye kona karibu na chasisi. Weka hosi mpya zote siku ya kwanza.

Raha yake siwezi kuificha, ukiwa gia ya tatu unavuta kile kitufe injini inatulia, mnaongea na mwenzio bila kupaza sauti. Na kitu sikutegemea ni kwamba gia ya pili ukiiwekea spidi ya juu inakaa katikati ya pili na tatu, kwa vile vilima virefu visivyo vikali ni tamu mno, naitumia hiyo kuliko nilivyodhani. Mafuta naona yanapungua kidogo ila nilinunua kwa ajili ya injini.

Kwa gari la kutoka siku ya maonyesho tu sikushauri, kazi ni kubwa. Kama unasafiri nayo kweli, fanya, ila breki ziwe nzima kwanza maana sasa mwendo unapanda bila kusikia kelele. Na spidomita inakudanganya! Kebo yake inasoma mzunguko wa propela, sio wa tairi, kwa hiyo kwenye spidi ya juu inaonyesha pungufu. Kuna kifaa cha gia cha kusahihisha hilo kilikuwa kinakuja na ekseli hizi, yangu haikuwa nacho na bado nakitafuta. Kwa sasa nimebandika karatasi dashibodi: ikisoma maili 30 ni 42, ikisoma 40 ni 56, ikisoma 50 ni 69, na yeyote ninayempa usukani namsomesha hiyo karatasi kabla hajawasha gari.