Kisanduku cha kumzoeshea samaki mgeni: tazama kwanza kinachokishikilia kwenye kioo

Tangu nilipoandika kuhusu kangaja wakorofi, wale samaki wa baharini wanaofugwa kwenye matangi ya kioo, ujumbe ninaopokea ni wa aina moja, na unahusu kisanduku anachowekwa samaki mgeni ili wenyeji wa tangi wamzoee. "Dada, kisanduku kimeanguka usiku." Msomaji wa Muscat anafuga Sohal, yule kangaja wa mistari ya buluu anayepatikana Bahari ya Shamu hadi Ghuba, na kila mfugaji anajua kwamba Sohal akishaweka makao tangi lote huwa lake. Alinunua kisanduku cha plastiki angavu chenye sumaku ili amlete kangaja wa zambarau mwenye mkia wa njano. Asubuhi alikuta kisanduku kimelala juu ya mchanga, kifuniko kando, na mgeni amejibana nyuma ya jiwe huku mapezi yamechanika na ubavu una mkato mrefu. Msomaji wa Nyali, Mombasa, yalimkuta hayohayo na kisanduku cha vimpira vya kunyonya kioo. Wa Dar es Salaam chake hakikuanguka, ila ndani ya wiki chache kona ya sumaku ilianza kutoa rangi ya chai.

Wote watatu waliuliza maswali mazuri kabla ya kulipa. Waliuliza urefu, upana, rangi, kama kina kifuniko. Hakuna aliyeuliza kinashikwa na nini, na muuzaji naye hakulitaja.

Kazi ya kisanduku ni ndogo na inaeleweka. Samaki aliyekaa tangini miezi au miaka ameshagawa kila jiwe na kila kona. Mgeni akimwagwa humo hana pa kwenda, na kangaja ana miiba miwili mikali kama wembe, mmoja kila upande wa shina la mkia. Kisanduku kinamweka mgeni mbele ya macho ya wenyeji bila kuguswa. Siku za mwanzo mwenyeji atakuja mbio na kugonga plastiki, atageuza ubavu na kupiga mkia. Baadaye anachoka, anarudi kwenye chakula chake, na mgeni naye anajifunza kula huku wengine wanamtazama. Ndiyo maana kisanduku kikianguka siku ya pili ni hatari kuliko kutokuwa nacho kabisa: mgeni anatoka wakati hasira za mwenyeji ziko juu, usiku, na hakuna mtu wa kumwokoa.

Sasa nieleze hicho kinachoshika, maana ndicho kinachoua.

Vimpira vya kunyonya vinategemea kioo safi na mpira laini. Tangi la maji ya chumvi lililokomaa halina kioo safi. Hata ukikisugua leo, kesho kuna utando mwembamba wa mwani ambao huuoni mpaka upitishe kidole. Maji yanapenya taratibu chini ya mpira, na mpira wenyewe unapoteza ulaini na kuwa mgumu kadiri unavyokaa majini. Ongeza kangaja anayegonga kisanduku mchana kutwa. Kimpira kimoja kikiachia, uzito wote unahamia kwa kilichobaki, na hicho hakichukui muda.

Sumaku inaonekana ni ya uhakika zaidi, na bei yake inasema hivyo, lakini ina udhaifu wake. Wa kwanza ni unene wa kioo. Nguvu ya sumaku inashuka haraka sana kadiri vipande viwili vinavyotengana, kwa hiyo kisanduku kilichobana barabara kwenye kioo cha milimita 6 kinaweza kuteleza kwenye kioo cha milimita 12. Tangi linalomtosha Sohal ni kubwa, na tangi kubwa lina kioo kinene. Yaani wanaohitaji kisanduku hiki kuliko wengine wote ndio sumaku inawaangusha. Wa pili ni kutu. Sumaku hizi ndogo zenye nguvu ni mchanganyiko wa neodimiamu, chuma na boroni, na hupakwa nikeli kwa nje. Maji ya chumvi yakipata ufa mwembamba kwenye gundi au plastiki iliyoifunika, chuma kinaanza kulika, kinavimba, ufa unapanuka. Ukiishika kwenye mwanga utaona kwanza kipovu kidogo chini ya gundi, kisha mstari wa kahawia unaotambaa pembeni. Sumaku iliyofika hapo haifai kurudi tangini hata ukiipaka gundi upya, hasa kama una matumbawe.

Kwa hiyo napanga chaguo kwa kipimo hicho kimoja. Uangavu wa plastiki, idadi ya vyumba na uzuri wa boksi la karatasi sivipi alama.

Cha kwanza kwangu, na sifichi mapenzi yangu, ni Marina cha kuning'iniza nje ya tangi, saizi kubwa. Ni cha Hagen, kampuni iliyoanzishwa Montreal, Kanada, mwaka 1955, na kwa vifaa vidogo vya samaki nina imani nao kuliko wengine wote. Hakina sumaku wala kimpira. Kina kulabu ya plastiki inayokaa juu ya ukingo wa kioo, na kisanduku kinaning'inia upande wa nje. Pampu ya hewa inapandisha maji ya tangi kupitia bomba dogo, yanapita alipo mgeni, yanarudi tangini kwa mdomo wa mbele. Mgeni anakunywa maji yaleyale ya wenyeji, joto lilelile, na wenyeji wanamwona kupitia kioo. Wagonge watakavyo, wanagonga kioo cha tangi na kisanduku hakitikisiki.

Kina mipaka yake. Hata hicho kikubwa kinabeba kama lita mbili tu, kwa hiyo ni cha samaki wadogo: nemo, wale Dascyllus weusi wenye madoa meupe, anthias wadogo na jamii ya Halichoeres wakiwa wachanga. Hao wa mwisho hulala ndani ya mchanga, kwa hiyo waweke kibakuli cha mchanga wasihangaike usiku. Tangi lenye fremu pana juu halikipokei, basi pima ukingo wako kwanza. Chumvi inaganda kwenye mdomo wa kurudishia maji; isipofutwa kwa kitambaa kibichi kila siku, maji yanageuza njia na kuchuruzika sakafuni. Pampu ya hewa unainunua kando.

Halafu kuna stima. Ikipotea, pampu inasimama na mgeni anabaki kwenye lita mbili zisizozunguka, pamoja na mkojo wake na mabaki ya chakula. Kwa miji yetu hili si geni. Ukinunua Marina nunua siku hiyohiyo pampu ndogo ya hewa ya betri, ile wavuvi wa ndoano wanayotumia kuweka chambo hai. Zipo zinazojiwasha zenyewe umeme ukikatika. Usichukue nyingine.

Cha pili hakina chapa. Kwa kangaja, kitatange mkubwa au kikande, lita mbili ni mateso, na hapo nakupeleka kwa fundi wa mabango. Ndiyo, hao wanaokata akriliki, ile plastiki ngumu, kwa herufi za maduka na vile vishikio vya menyu vinavyosimama kwenye kaunta za hoteli. Mpe michoro ya kisanduku cha sentimita 40 kwa 20, kina 25, akriliki ya milimita 5. Hizo ni lita 20 kikijaa mpaka juu, na mgeni anaweza kugeuka bila kukunja mkia. Matundu ya milimita 6 pande zote na chini, ili mkondo wa tangi upite na uchafu udondoke wenyewe. Mdomo wa juu upite usawa wa maji kwa sentimita 3, na kifuniko kiwe na tundu la kudondoshea chakula, kwa sababu samaki anayeogopa huruka.

La muhimu kuliko yote ni kulabu. Mwambie fundi azikunje kwa joto kutoka kwenye bamba lenyewe la nyuma, zisiunganishwe kwa gundi. Kulabu ya gundi ikibeba uzito wa kuvutwa chini kila siku huachia pale kwenye kiungo. Kulabu iliyokunjwa ni kipande kimoja na bamba, na fundi yeyote aliyewahi kutengeneza kishikio cha menyu anajua kuikunja. Akikuambia gundi inatosha, tafuta mwingine. Kisha pitisha kidole ndani ya kila tundu. Ukihisi makali, jicho la samaki litayahisi pia, basi apige msasa mpaka yaishe. Gundi ikikauka kabisa, loweka kisanduku kwenye ndoo ya maji safi, yabadilishe, loweka tena, ndipo kiingie tangini.

Kwa kisanduku hiki ndiyo kazi yote inafanyika vizuri. Mgeni atoke kwanza kwenye karantini, maana kisanduku kinachangia maji na tangi. Cryptocaryon irritans, kile kimelea kinacholeta ugonjwa wa vidoa vyeupe, hakijui mpaka wa plastiki, na dawa ya shaba huwezi kuimwaga kwenye tangi la matumbawe. Kitundike mbali na jiwe analolala mwenyeji. Funga kipande cha mwani mkavu nje ya kisanduku na kingine ndani ili wale karibu, ana kwa ana. Usihesabu siku, tazama tabia: mwenyeji akipita mbele ya kisanduku bila kusimama, na mgeni akila mwani bila kukimbilia kona, wamefika. Kabla ya kumwachia hamisha mawe kadhaa ili ramani ya mwenyeji ivurugike, zima taa, kisha inamisha kisanduku polepole mgeni atoke mwenyewe. Kiache kikining'inia tupu. Kangaja wa buluu mwenye pezi la njano mgongoni, Acanthurus leucosternon wa miamba yetu hii, anaweza kutulia siku nzima kisha akageuka jioni, na ukihitaji kumrudisha mmoja kizuizini, yule mkorofi na si mgeni, kisanduku kiwe tayari.

Cha tatu ni vya sumaku, kwa anayelazimika tu: tangi lako lina kioo kisichozidi milimita 8, na mfuniko wake hauachi nafasi ya kulabu. Nunua chenye maelezo ya unene wa kioo yaliyoandikwa na mtengenezaji. Kabla hakijaingia tangini, tumbukiza sumaku peke yake kwenye kikombe cha maji ya chumvi na uiache siku kadhaa. Maji yakibadilika rangi, rudisha dukani.

Ile grili nyeupe ya taa za dari za ofisi, ya vidirisha vya mraba, inafaa kugawa tangi zima ikiwa mgeni na mwenyeji wote ni wakubwa. Samaki mdogo anapita kwenye vidirisha. Visanduku vya kuzalishia gapi, wale samaki wadogo wa maji baridi yasiyo na chumvi, vyenye vimpira na machujio ya jikoni ya plastiki yanayoelea ni rahisi, vinapatikana kila soko, na kwa tangi lenye mkorofi sivipendekezi.

Niseme na hili la wauzaji, kwa sababu limenikaa. Kisanduku kilekile cha gapi kinabandikwa picha ya nemo na matumbawe, kinaitwa "cha baharini", na bei inapanda mara mbili. Ukiuliza bei hadharani unaambiwa "njoo inbox". Ukifika inbox unaulizwa uko wapi kwanza, na bei inategemea umejibu Nyali ya wenye nazo au Likoni ya wa kawaida. Ukiuliza unene wa kioo unatumiwa picha ileile tena. Halafu unaambiwa ni mzigo wa Dubai, nauli ya ndege, ushuru, dola. Nauli naielewa na ushuru naulipa. Ninachokataa ni kulipishwa bei ya kitu cha baharini kwa kitu kilichotengenezwa kwa maji baridi, na mtu anayeuza hajawahi kuona kangaja akipiga mkia.

Na inauma zaidi kwa sababu wengi wa samaki hawa ni wa kwetu. Wanazamiwa Shimoni, wanazamiwa Kilifi, wanafungwa kwenye mifuko yenye oksijeni na kupanda ndege kwenda Ulaya na Marekani, ambako mfugaji anaingia dukani na kuchagua kisanduku kwa kukishika mkononi. Sisi tuliokaa kando ya mwamba tunanunua kwa picha.

Basi kabla ya kutuma pesa, andika swali moja tu: "Kinashikwa na nini, na kwa kioo cha milimita ngapi?" Muuzaji akijibu kwa namba, endelea naye. Akijibu "kiko strong sana dada", funga simu, mpigie fundi wa mabango.