Kifuniko chekundu: likizo yetu ya "kisiwani" na watoto watatu

Nianze na kifuniko, maana mengine yote naweza kuyasamehe. Ni cha chupa ya chai, ile ndogo, chekundu, ukingoni kina alama za meno ya mwanangu. Chupa yenyewe ni ya mamangu, Majengo, Mombasa. Asubuhi ile kabla hatujaenda hotelini aliijaza uji wa mchele wa tui la nazi, akatia iliki, akaifunga kwa leso na kunionya, "Usimpe mtoto cha watu ukatuletea maradhi." Kitinda mimba wangu ana miaka miwili, na maziwa ya ng'ombe yakimpita kooni tu hutoka vipele hadi nyuma ya masikio. Hilo nililisema siku ya kuweka nafasi. Nikalirudia kwa simu. Nikajibiwa, kwa sauti tamu kama halua, kwamba watoto ndio wageni wao wa kwanza.

Mume wangu mtu wa Nairobi, kwake Mombasa yote ni kisiwa, na tangazo liliandika hivyo hivyo: likizo ya kisiwani kwa familia. Mimi nikacheka. Kisiwa ndicho tulichokuwa tunakiacha nyuma. Ukishavuka Daraja la Nyali uko bara, na hoteli yenyewe iko Bamburi. Lakini picha zilikuwa na minazi, bwawa na bembea, na watoto walishaanza kuhesabu siku tangu tuko kwenye treni ya kuja Miritini. Nikasema basi, kisiwa na kiwe bara.

Tulifika wakati wa chakula cha mchana. Watoto wakafungwa vikanda vya kijani mkononi, wakafurahi kweli. Mlangoni pa chumba cha kulia alisimama bwana mmoja wa suti, tai imemkaba, meneja au msaidizi wake. Usoni hakunitazama, alitazama kikapu.

"Chakula cha nje hakiingii."

Nikamwambia, kaka yangu, huu ni uji wa mtoto.

"Uji upo ndani."

Umepikwa na nini?

"Na maziwa, mama. Kwani uji hupikwa na nini?"

Nikamweleza habari ya vipele, taratibu, kama ninayemweleza daktari. Foleni nyuma yangu inarefuka, mtoto analia njaa, wa kati ananivuta baibui anataka kwenda chooni. Hapo ndipo aliponipa lile neno, tena kwa sauti ya kufika mpaka kwenye meza ya matunda: "Mama, hapa si Mwembe Tayari."

Asiyeujua mji wetu nimweleze. Mwembe Tayari inajulikana kwa mabasi ya safari ndefu, watu na vikapu vyao, maboksi yamefungwa kamba, chupa za chai kwapani. Yaani mimi ni abiria niliyepotea njia. Mimi niliyekuwa nikitumwa dukani Mwembe Tayari nikiwa na meno ya utoto, nasutwa kwa jina la mtaa wa jirani zangu, mbele ya wanangu, na mtu ambaye mshahara wake nimechangia! Akaitwaa chupa, akampa kijana, ikapotelea nyuma ya mlango wa jikoni.

Na meza ya pili kutoka kwetu ameketi mama wa Kizungu, anamlisha mwanawe kutoka kwenye kikopo alichokuja nacho. Weita amempashia moto, anatabasamu. Sina ugomvi na yule mama, mtoto ni mtoto, na huenda aliomba ruhusa mapema. Lakini kwani mimi sikuomba?

Tangu hapo, nakiri, sikuona tena kizuri. Bwawa lilikuwa safi, nikasema dawa imezidi. Kitanda kilikuwa laini, nikasema kinaua mgongo. Mume wangu alitaka kuyaacha, nikamuuliza yuko upande wa nani. Kesho yake mchana tukawapeleka watoto Haller Park, pale palipokuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji kabla hapajapandwa mivinje. Mkubwa wangu akawalisha twiga, ulimi mrefu ule unamzunguka kiganja, anapiga kelele za raha. Mimi nawaza: twiga anaruhusiwa kula mkononi mwa mgeni, mwanangu haruhusiwi kula mkononi mwa mamake.

Bahari nayo. Dada wa mapokezi aliwaahidi watoto wataogelea asubuhi baada ya kula. Mwezi ulikuwa mpevu, bamvua hilo, maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na mtoto yeyote wa Pwani anajua kwamba siku hizo saa nne asubuhi maji yamekupwa na jioni kama saa kumi ndiyo yanajaa. Tukatoka na maboya, tukakuta mchanga, mwani na vidimbwi hadi kule kwenye mwamba. Wa kati akaniuliza nani ameiondoa bahari. Ila hapo sitasema uongo: saa ile ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote. Tuliwavalisha viatu wasichomwe na miiba, tukatembea mdogo mdogo, tukaona viti vya pweza, wale wenye umbo la nyota, kaa, na jongoo bahari ambaye mkubwa alikataa katakata kwamba ni mnyama. Hiyo haikuwa huduma ya hoteli. Hiyo ni ya Mungu, na ni bure.

Sasa yule mpishi. Asubuhi hiyo hiyo, kabla ya bahari, mtoto alikuwa ananyonya kipande cha tikiti, mimi nimenuna. Akatoka jikoni mzee mmoja wa Kigiriama, aproni ina madoa ya manjano, amebeba bakuli kwa mikono miwili. "Mwanangu, nimesikia yule mdogo yuwataka uji wa nazi." Alikuwa ameikuna nazi mwenyewe. Nikauonja kwa kijiko, kwa sababu siku hiyo nisingemwamini hata malaika. Tui zito, chumvi kidogo, iliki. Mtoto akamaliza bakuli, akalilamba. Kesho yake mzee akaleta tena bila kuitwa. Nilitaka kumpa ya chai, akakataa, akaniambia mjukuu wake naye ni hivyo hivyo. Nikaenda chooni nikalia, sijui hata kwa nini. Siku hiyo niliwaza, labda tutarudi. Nilimwambia hata mume wangu.

Halafu tukafika kaunta siku ya kuondoka. Kwenye risiti: "chakula maalumu cha mtoto", mara mbili. Mara mbili! Uji ambao mzee wa watu aliupika kwa huruma yake, wao wameuwekea bei. Nikasema silipi. Akaitwa yule yule wa suti, akafuta ile mistari kwa kalamu bila kunitazama, bila pole. Nikadai chupa ya mamangu. Ikaletwa kwenye mfuko, uji bado umo ndani, umechacha tangu siku ya kwanza, harufu yake ilimtoa dada wa mapokezi nje. Leso ipo. Kizibo kipo. Kile kifuniko cha juu, tunachonywea, hakipo.

Nilikuwa nimeandika nyota moja. Nikaongeza ya pili kwa ajili ya mzee, na ya tatu kwa sababu watoto mpaka leo wanaulizia vile vikanda vya kijani. Juzi mamangu amepiga simu tena kuulizia kifuniko, nimerudisha moja. Anayekwenda huko, mpishi msalimie sana, na macho yako yapitishe kabatini: chekundu, kina meno ukingoni.