Uzoefu wangu: siku nzima ya vilima na klabu ya baiskeli

Kilima cha tatu ndicho kilichonionyesha hii ni klabu ya aina gani. Nilikuwa wa mwisho, nimeachwa mbali, pumzi imenikata, na gia nyepesi zaidi niliyokuwa nayo nilishaitumia. Kando yangu alikuwepo dada mmoja mtu mzima ambaye kazi yake siku ile ilikuwa kufunga msafara. Hakunihimiza wala hakunisukuma mgongoni. Mara moja moja tu alisema, "Usitazame kileleni, tazama mita kumi mbele yako."

Tulipofika juu, wenzetu 12 walikuwa wamekaa kwenye nyasi. Nilijua kitakachofuata, maana kwingine ndivyo nilivyozoeshwa: walio mbele wanakusubiri dakika kumi huku wakipumzika, ukitokeza tu wanapanda baiskeli, na wewe uliyechoka kuliko wote ndiye pekee usiyepata pumziko. Hapa hakuna aliyeinuka. Kiongozi alitazama saa yake akasema, "Dakika tano, kuanzia sasa." Yaani kuanzia mimi nilipofika. Nilishusha miguu, nikanywa maji, mapigo ya moyo yakatulia. Kwa jambo hilo moja ningewapa nyota zote tano.

Safari ilikuwa ya kilomita 84 kupitia mashambani, barabara nyembamba za lami zenye magari machache, na tulikuwa kwenye viti kwa saa tano na dakika 40, mapumziko hayamo. Kabla ya kuondoka baiskeli zote zilikaguliwa: upepo wa tairi, mnyororo, vifungio vya magurudumu, breki. Mwenzetu mmoja alikutwa raba za breki ya nyuma zimekwisha kabisa, chuma kinakaribia kukwaruza rimu. Kiongozi alikuwa na za akiba, zikafungwa papo hapo. Tulichelewa robo saa na hakuna aliyenung'unika.

Kwenye tambarare tulikwenda wawili wawili, na barabara ilipobana tukaunga mstari mmoja. Wa mbele akiona shimo anapaza sauti na kuonyesha kwa mkono, na kila mmoja anampasia wa nyuma yake. Gari likija kutoka nyuma, ujumbe unapanda kwenda mbele kwa namna ileile. Kwa mgeni kama mimi, hapa ndipo faida ya kundi inapoonekana: ukikaa karibu nyuma ya mwenzako, yeye anakata upepo, nawe unaweza kuokoa robo hadi theluthi ya nguvu zako. Ila gurudumu lako la mbele lisipite ubavuni mwa gurudumu lake la nyuma. Akiyumba kidogo mkagusana, yeye huenda asianguke, wewe utaanguka. Walinielekeza hilo kwa upole mara mbili kabla halijanikaa.

Mlimani faida hiyo inakwisha. Kwa mwendo wa kilomita nane kwa saa hakuna upepo wa kumficha mtu. Unapambana na uzito wako na wa baiskeli, basi. Na hapa ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Tangazo lilisema "kilomita 84, mwendo wa wastani," likaishia hapo. Jumla ya mita za kupanda ilikuwa 1,350, na hilo nililisoma kwenye kifaa cha mwenzangu jioni. Kilima cha tatu kina sehemu ya asilimia 8, maana yake kila ukienda mita 100 umepanda mita 8, na sehemu hiyo si fupi.

Mimi nilikwenda na meno 39 kwenye duara la mnyororo la mbele na 25 kwenye la nyuma kama gia yangu nyepesi. Mzunguko mmoja wa pedali ulinisogeza zaidi ya mita tatu, kwa hiyo kwa mwendo ule miguu ilizunguka kama mara 40 tu kwa dakika, na kila mzunguko ulikuwa kama kupanda ngazi na gunia begani. Magoti yaliuma siku mbili. Wenzangu wengi walikuwa na 34 mbele na 34 nyuma: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo mara moja, kama mita 2.1, na miguu inaendelea kuzunguka kwa wepesi. Ningeambiwa mapema ningejiandaa. Umbali bila kimo ni nusu ya habari, na mgeni ndiye anayeumia.

Miteremko nayo niliipenda, ingawa hapo palikuwa na kasoro ya pili. Somo tulipewa, tena zuri: funga breki kabla ya kona na si ndani yake, pedali ya upande wa nje iwe chini, macho yaende kule unakotaka kutokea. Usikalie breki mfululizo kwenye mteremko mrefu, kwa sababu rimu hupata moto. Lakini kwenye mteremko wa mwisho, wenye kasi walitangulia, kundi likakatika vipande, na kwenye njia panda ya chini hakuna aliyesimama kutuonyesha upande. Wawili wetu tulipotea kama kilomita moja. Klabu inayosubiri vizuri vile kileleni isubiri na bondeni.

Kuhusu kula na kunywa, sikiliza wenyeji wa safari hizi: usingoje njaa wala kiu. Nilikuwa natia kitu kidogo mdomoni kila nusu saa, hesabu yangu ikiwa gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na sikuishiwa nguvu hata mara moja. Miguu ilichoka, kichwa hapana.

Nimewapa nyota nne. Niliwaandikia kuhusu mita za kupanda na kuhusu njia panda, wakajibu siku hiyohiyo, na tangazo la safari ijayo limetoka likiwa na kimo: mita 1,100. Nimejiandikisha. Fundi ameniwekea meno 34 nyuma. Kibadilisha gia cha zamani hakikufikia, ikabidi kibadilishwe na mnyororo uongezwe urefu. Jana jioni nilikijaribu kwenye mlima mkali kuliko yote ninayoijua, nikaupanda wote nikiwa nimekaa.