Uzoefu wangu na miche ya "jeraniamu za mwituni" iliyonunuliwa Malindi

Miche hii niliinunua katika kitalu kimoja cha hapa Malindi, ikiwa na kibandiko kilichoandikwa "jeraniamu za mwituni, aina tatu". Ilikuwa na afya, mizizi imeushika udongo barabara, na bei yake ilikuwa ya wastani. Kasoro ilikuwa katika kibandiko, kwa kuwa zote tatu ni pelagonia, mimea inayofanana na jeraniamu lakini si jeraniamu.

Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliziweka jeraniamu na pelagonia katika jenasi moja, yaani kundi moja la mimea ya karibu, mwaka 1753, naye mtaalamu mwenzake L'Héritier akazitenganisha mwaka 1789, lakini wauza maua hadi leo hawajaukubali utengano huo. Mnunuzi na alitazame ua lenyewe: jeraniamu halisi ina petali tano zinazolingana, ilhali katika pelagonia petali mbili za juu hutofautiana na tatu za chini kwa umbo au kwa alama. Tunda halimsaidii, maana katika zote mbili limechongoka mfano wa mdomo wa korongo. Kwa kweli kosa hilo lilinifaa, kwani jeraniamu halisi za nchini kwetu, kama Geranium arabicum, ni mimea ya nyanda za juu zenye baridi, na kuileta katika joto la pwani ni kuitesa bure.

Iliyonifurahisha zaidi ni Pelargonium peltatum, ambayo asili yake ni Afrika Kusini. Majani yake ni manene na huhifadhi maji, hivyo niliitundika barazani, na upepo wa kusi ukaivumia bila kuidhuru. Pelargonium graveolens ilihitaji uangalizi zaidi: wakati wa masika majani yaligeuka manjano, yakapona nilipoongeza mchanga kwenye chungu na kukisogeza chini ya upenu wa makuti ili mvua isikituamie. Harufu yake ya waridi imo majani mwake wala si mauani, na hata nyanya yangu, ambaye kwake manukato ni kilua na asumini tu, siku hizi hulipikicha jani kila apitapo.

Ya tatu, jamii ya Pelargonium zonale yenye duara jeusi jani mwake, ilichanua vizuri kipindi cha baridi, lakini joto la kaskazi lilipozidi iliacha kutoa maua kabisa. Mbili za kwanza nitazinunua tena. Hii simshauri mkaazi wa pwani ainunue, labda awe na kivuli kizito tangu adhuhuri.