Pete ya 0.358: uzoefu wangu wa kusubu risasi za 9 mm

Nilipiga bastola yangu ya 9 mm mara hamsini tu, kwa risasi nilizosubu mwenyewe, na ndani ya mtutu kukawa kijivu. Niliufungua nikautazama dirishani, nikaona magamba ya madini ya risasi yamegandamana kwenye mifuo, ile mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, mengi zaidi pale karibu na chemba, yaani sehemu ya nyuma risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Kwenye karatasi ya shabaha matundu yalikuwa yametawanyika, na mengine yalikuwa marefu badala ya duara, maana yake kichwa, kile kipande kinachoruka, kilifika kimelala ubavu. Na nilikuwa nimetumia pete ya inchi 0.356 (pete ni kifaa cha kupunguza kichwa kilichosubiwa mpaka kipate unene unaotakiwa), saizi ambayo karibu kila mtu huitaja ukimuuliza kuhusu 9 mm. Jioni nzima ilinipotea nikisugua mtutu kwa nyuzi za shaba.

Ninaishi Ohio. Hapa Marekani sheria ya serikali kuu inamruhusu mwenye silaha kusubu na kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni ya kiwanda, ila akitaka kuziuza ndipo leseni inahitajika. Kenya na Tanzania kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, kwa hiyo ndugu unayesoma ukiwa nyumbani, ichukue hii kama habari ya huku, usijaribu.

Kiswahili chetu kinaita madini risasi, na kile kinachotoka kwenye bastola nacho risasi. Ili tusichanganyane, hapa nikisema risasi nakusudia madini, na kile kinachoruka nitakiita kichwa. Nimekulia Pangani, na baba mdogo alikuwa akisubu chubwi za mishipi yake: risasi kwenye kopo juu ya mafiga, kisha anaimimina kwenye kalibu ya mchanga. Chubwi ikitoka na tumbo kubwa kidogo, samaki hajali. Mimi nilianza kusubu vichwa nikiwa na mawazo hayohayo ya chubwi. Lakini kwenye bastola, sehemu moja ya elfu ya inchi, yaani milimita 0.025, ndiyo inayoamua kama utapiga siku nzima au utarudi nyumbani kusugua mtutu.

Sababu yenyewe ni hii. Kichwa cha risasi tupu kinatakiwa kuziba mtutu kabisa, hadi chini ya mifuo. Kikiwa chembamba, gesi ya moto inapenya pembeni yake, inaukwangua ubavu wake na kuipaka ile risasi kwenye chuma. Ndiyo maana uchafu wangu ulikuwa mwingi karibu na chemba, kwa sababu gesi ilianza kuvuja palepale mwanzoni. Kipimo rasmi cha mtutu wa 9 mm, ukipima kutoka mfuo hadi mfuo, ni inchi 0.355, na vichwa vya kiwandani vyenye gamba la shaba ni 0.355. Kwa kichwa cha kusubu watu huongeza sehemu moja ya elfu (tuiite elfu moja), wanapata 0.356. Hesabu hiyo ni sahihi endapo mtutu wako kweli ni 0.355. Wangu haukuwa.

Niliupima hivi. Nilihakikisha bastola haina kitu, nikatoa mtutu, nikaupaka mafuta ndani. Nikachukua chubwi laini ya dukani, ile yenye umbo la yai, nene kuliko tundu la mtutu, nikaigonga kwa nyundo ya mbao mpaka ikaingia, kisha nikaisukuma polepole kwa fimbo ya shaba hadi ikatokea upande wa pili ikiwa imechorwa mifuo yote. Nikaipima kwa maikromita. Kalipa ya kawaida usiitegemee kwa kazi hii, inaweza kukupotosha kwa elfu moja nzima, na elfu moja ndiyo tunayoitafuta. Mtutu wangu una mifuo sita, kwa hiyo mfuo unatazamana na mfuo na kupima ni rahisi. Mitutu yenye mifuo mitano, kama ya rivolva nyingi za Smith & Wesson, inataka maikromita yenye kiti cha umbo la V.

Jibu lilikuwa 0.357. Kumbe vichwa vyangu vyote vilikuwa vyembamba kuliko mtutu.

Nikanunua pete ya 0.358 ya kampuni ya Lee. Ni kipande cha chuma kinachofungwa kwa skrubu juu ya presi ya mkono. Kichwa kinakaa juu ya kidude kidogo, unavuta mkono wa presi, kichwa kinapanda, kinapita ndani ya pete na kuangukia kwenye chombo juu. Kabla ya hapo unavipaka vichwa Liquid Alox, kilainishi cha majimaji, utando mwembamba sana, unaviacha vikauke usiku kucha. Nilipima vichwa ishirini vilivyopita kwenye pete yangu, vyote 0.358. Kazi ni ya haraka, na haihitaji mashine kubwa ya kupakia grisi. Kitu kimoja ukikumbuke: pete hupunguza, haiongezi. Kalibu yako ikitoa vichwa vya 0.356, pete ya 0.358 haitakusaidia chochote, vitapita bila hata kuguswa. Pima kwanza kinachotoka kwenye kalibu, ndipo uagize pete. Yangu hutoa 0.359.

Nilidhani nimemaliza. Nikajaza maganda machache (ganda ni kile kikopo kinachobeba baruti na kushika kichwa), nikapiga, na kijivu kikarudi, ingawa kidogo. Hapo nilichukua moja ambalo sikuwa nimelipiga, nikakitoa kichwa kwenye ganda kwa nyundo maalumu ya kung'olea vichwa, nikakipima: 0.356! Ganda lenyewe lilikuwa limekikaba. Ganda la 9 mm huongezeka unene kuelekea chini, na kile kidude cha kupanua mdomo kilichokuja na seti yangu kilitengenezwa kwa ajili ya vichwa vya shaba vya 0.355. Risasi laini inaingizwa mle inaminywa, na kazi yote ya pete inapotea bila wewe kuiona. Nikaweka kipanuzi kirefu na kinene zaidi, cha kampuni ya NOE, na nikaacha kutumia ile pete ya mwisho inayobana ganda zima baada ya kuweka kichwa. Nikatoa kichwa tena, nikapima: 0.358. Kwangu hili ndilo somo kubwa kuliko pete yenyewe, na ningeambiwa mapema ningeokoa mwezi mzima.

Wengi waliniambia tatizo ni ulaini, niongeze antimoni mpaka kichwa kiwe kigumu kama kioo. Sikubaliani nao. Ninasubu vyuma vya kubalansi magurudumu, ambavyo vina antimoni kama asilimia 4, pamoja na bati kidogo ili kalibu ijae vizuri kwenye kona, na kwa 9 mm ya kupigia shabaha vinatosha kabisa. Kichwa kigumu ambacho ni chembamba kitapitisha gesi vilevile. Ila vyuma hivyo vichambue, siku hizi vingi ni zinki au chuma. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, zinki kwa 419, kwa hiyo sufuria isiyopashwa kupita kiasi itaiacha zinki ielee juu uitoe kwa kijiko.

Kabla ya kujaza mia, weka kichwa kwenye ganda moja lisilo na baruti wala fataki (kidude cha kuwashia baruti), ulidondoshe kwenye mtutu uliotolewa. Linatakiwa lizame lenyewe kwa mlio mmoja, na ukiupindua mtutu litoke lenyewe. Kuna chemba ambazo 0.358 hazitaikubali, na hapo utarudi kwenye 0.357, usiilazimishe kwa kidole gumba. Na ukibadilisha saizi ya kichwa, anza upya kwenye kipimo cha chini kabisa cha baruti kilichochapishwa kwenye kitabu. Kipimo cha rafiki ni cha bastola ya rafiki.

Kwenye rivolva yangu ya .38 Special mambo yalikuwa mepesi: nilipima koo za silinda, yaani matundu ya mbele ambamo kichwa hupita kikielekea mtutuni, badala ya kuhangaika na mtutu peke yake, kichwa cha 0.358 kikapita kila koo kwa kusukumwa na kidole, sikugusa kitu kingine.

Ninasubu gereji milango ikiwa wazi, watoto hawaingii, viatu vya kazi haviingii ndani ya nyumba, na mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kushika hata glasi ya maji. Risasi kwenye damu ya mtoto inaharibu akili, na haina dalili utakayoiona mapema. Tone la maji likiingia kwenye sufuria ya moto, risasi inaruka usoni, kwa hiyo miwani siivui.

Jumamosi iliyopita nilipiga mia mbili. Kitambaa cha kwanza nilichopitisha mtutuni kilitoka na masizi meusi ya baruti, cha pili kikatoka cheupe.