Simu ya lipa pole pole: simu iko sawa, shida ni hiyo kufuli yao

Wacha nianze na uzuri ndio mtu asiseme nimekuja kuharibia watu jina. Simu yenyewe iko sawa. Betri inakaa siku nzima hata nikishinda napiga picha za viatu na kuziposti kutoka asubuhi hadi jioni, kamera inatoa rangi vile iko, na memori ni 128GB kwa hivyo haijai haraka. Kama ningekuwa nanunua kesh ningemwambia kila mtu aichukue. Lakini hii ya kulipa pole pole acha niielezee yote, kwa sababu naona vile watu wanasainishwa hapa Nairobi, kwa steji, nje ya supamaketi, chini ya miavuli, na hakuna mtu anawaambia hesabu.

Hesabu ndiyo hii. Unatoa 2,999 ya kwanza halafu 75 kila siku mwaka mzima. Kijana wa mwavuli atakwambia "mama ni sabini na tano tu, ni chai na mandazi", na kweli ukisikia hivyo unaona ni kitu kidogo. Sasa 75 mara 365 ni 27,375, ongeza ile ya kwanza unafika 30,374. Simu hiyo hiyo, memori hiyo hiyo, kule Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya simu tauni, walikuwa wanaiuza 16,500 kesh na kava unapewa. Sisemi wasipate faida, mkopo ni mkopo na kama huna 16,500 pamoja lazima ulipie ule muda, hiyo naielewa kabisa. Ninachokataa ni kwamba hiyo 30,374 haijaandikwa popote, si kwa bango, si kwa karatasi uliyosaini, si kwa apu yao, ni wewe utoe kalkuleta. Na Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inasema mteja ana haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu kile anachouziwa. Bei kamili si siri ya kampuni jamani, bei ndiyo habari ya kwanza.

Haya, kufuli. Kwa wale hawajui inavyofanya kazi, simu ikiwashwa mara ya kwanza pale dukani inaingizwa apu ambayo Android inaitambua kama ndiyo mwenye kifaa. Si wewe, ni hiyo apu. Teknolojia si siri, hata Samsung wako na yao inaitwa Knox Guard kwa simu zinazouzwa kwa mkopo. Huwezi kuitoa, na ukiirudisha simu vile ilitoka kiwandani, ikigusa intaneti tu apu imerudi. Usipolipa, kioo kizima kinafunikwa na namba ya kulipia, hakuna meseji, hakuna picha, unaachiwa namba za dharura basi. Na hata hiyo nilikubali nikisaini, mwenye kukopesha lazima awe na kitu cha kushikilia.

Lakini mimi nililipa!

Nililipa Ijumaa usiku, ya wiki nzima mara moja, kwa sababu mimi nauza viatu vya mitumba soko la Toi na wikendi ndiyo kazi, sikutaka kusumbuliwa. Meseji ya M-Pesa ikaingia, jina lao liko sawa, namba ya akaunti iko sawa, pesa imetoka. Asubuhi kuamka simu imelokiwa. Yaani pesa wamepata lakini sistimu yao haijaisoma. Na sasa angalia vile hii kitu imetengenezwa: msaada wao wa kwanza ni roboti ya WhatsApp, na WhatsApp yangu iko ndani ya simu waliyofunga. Nikatoa laini nikaiweka kwa kabambe ya jirani, ile simu ndogo ya vibonye, nikapiga, muziki, muziki, kredo inaenda, mwishowe akashika kijana mwenye adabu sana akaniambia "mama, nitajie ile kodi ya M-Pesa ndio nikusaidie". Kodi, yaani ile namba ya muamala, iko kwa meseji. Meseji iko ndani ya simu. Nikamwelezea hivyo akanyamaza kidogo halafu akasoma tu kile ameandikiwa, kwamba sistimu inaonyesha niko na deni, atanifungulia tiketi, nisubiri masaa 48, na wikendi hawahesabu.

Huyo kijana simlaumu. Hana kitufe cha kufungua simu, aliniambia mwenyewe, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi, kwamba kampuni imeweka mashine ya kufunga inayofanya kazi usiku na mchana, siku saba, haipumziki, lakini ya kufungua inafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa na mtu akiomba ruhusa. Ni sawa na landlodi akupigie kufuli kwa mlango na risiti ya rent uko nayo mkononi.

Ile Jumamosi wateja wangu wa mtandaoni wote walikuwa ndani ya hiyo simu. Kuna mtu wa Kasarani alikuwa amechagua raba tayari, boda amepangwa, sikuweza hata kumwandikia, akanunua kwingine na simlaumu pia. Nilichofanya ni kupiga *334# kwa ile kabambe nikaomba statement ya M-Pesa, ikaja kwa imeili, nikaenda saiba nikaprinti, halafu Jumatatu nikaipeleka kwa ofisi yao hapo tauni na mkono wangu. Simu ikafunguka mchana. Meseji iliyokuja inasema hongera malipo yako yamepokelewa. Pole hakuna, na hizo siku ilikuwa imefungwa zimehesabiwa kama kawaida, nimezilipia.

Kuna Sheria ya Hire Purchase hapa Kenya, yaani ya kuchukua kitu ukilipa pole pole, ya tangu miaka ya sitini, inasema ukishalipa theluthi mbili ya bei muuzaji hawezi kuja kujichukulia mali bila kwenda korti. Iliandikwa enzi za sofa na cherehani, muuzaji ilibidi alete lori na watu wa kubeba na majirani wanaona. Siku hizi haleti kitu, anabonyeza tu, na wewe umebaki umeshika simu yako mkononi. Wakili anaweza kubishana kama kufunga ni kuchukua. Kwa mtu anayekula kupitia hiyo simu, mimi sioni tofauti.

Na tafadhali usikimbilie mafundi wa kuflashi, wale wa kufuta programu ya simu ndio kufuli itoke. Fundi mmoja wa Luthuli ambaye namwamini aliniambia wazi, akiondoa leo, apudeti ikiingia inarudi, na saa zingine simu inakufa kabisa na deni linabaki lako. Afadhali malalamiko ya maandishi, Competition Authority, wale wa serikali wanaoangalia biashara, wanapokea ya wateja. Kama apu inakuomba kontakti za watu wako wote, hiyo ni ya ofisi ya Data Commissioner, wale wa kulinda habari za watu, sheria yao iko tangu 2019 na mwaka wa 2023 walipiga kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya karibu milioni tatu kwa sababu ya kusumbua watu kwa namba walizopata kwa watu wengine.

Simu naipatia nne kwa tano. Huduma moja, na hiyo moja ni ya yule kijana wa simu.

Kama lazima uichukue, na najua wengi ni lazima kwa sababu hata mimi ilikuwa lazima, kila ukilipa andika kodi ya M-Pesa kwa karatasi au itume kwa simu ya mtu mwingine, usiiache ndani ya hiyo simu peke yake. Na ukimaliza deni dai barua ya kumaliza. Dada mmoja tunauza naye hapa amelipa mpaka shilingi ya mwisho na ile apu bado imekaa kwa simu yake, akiuliza anaambiwa iko kwa prosesi, na kila ikiapudeti anaamka akiangalia kwanza kama imefungwa. Kama mko na mashine ya kufunga mtu usiku wa manane, mwekeni na ya kutoa hiyo apu siku ile amemaliza kulipa.