Kifaa cha OBD cha Sh 25,000 na gari lililokuwa linachemsha: uzoefu wangu

Gari langu ni Vitz ya 2010, cc 1300, na dashibodi yake haina mshale wa joto. Ina taa mbili tu. Ya bluu huwaka asubuhi injini ikiwa bado ya baridi, kisha huzimika. Nyekundu huwaka injini ikishapata moto kupita kiasi. Katikati ya hizo mbili hujui lolote. Miaka minne niliendesha hivyo bila wasiwasi, hadi Desemba nilipokuwa napandisha mlima wa Kitonga kwenda Iringa kwa mama.

Tulikuwa nyuma ya msururu wa malori, mwendo wa kutambaa, AC imewashwa tangu Ruaha Mbuyuni kwa sababu bonde lile lilikuwa linaunguza. Taa nyekundu ikaanza kumweta. Anayeijua Kitonga anajua kwamba pale husimami unapotaka. Nilipopata kinafasi cha kuegesha, mvuke ulikuwa unatoka pembeni mwa boneti. Nilishika kitambaa nifungue mfuniko wa rejeta, na dereva wa lori aliyekuwa ameegesha mbele yangu akapaza sauti: "Dada, usiguse hapo! Acha ipoe kwanza."

Namshukuru hadi leo. Maji ya ndani ya rejeta yako kwenye presha. Mfuniko mzima ulioandikwa 1.1 (kipimo cha presha unayoihimili) huyafanya yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 120, na ukiufungua ghafla yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Tulisubiri karibu saa nzima. Akafungua yeye, kidogo kidogo, akaongeza maji taratibu huku injini inanguruma, kisha akaniambia: "Ukiona inaanza tena, zima AC, washa hita ya moto, feni mwisho, shusha vioo." Hita ile ni kirejeta kidogo ndani ya dashibodi, inapitisha maji yale yale ya injini, kwa hiyo inapunguza mzigo. Tulifika Ilula tumelowa jasho, lakini tulifika.

Niliporudi Dar, fundi mmoja wa mtaani alitoa themostati, kile kilango cha kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta, akaitupa. "Hii ndiyo inayochemsha magari, sista. Kwa joto la huku haina kazi." Akajaza maji ya kisima, nikalipa, nikaondoka nimeridhika. Wiki hiyo hiyo taa ya bluu ikawa inawaka barabarani, usiku, nikiwa nimeshatembea nusu saa. Nikadhani ni dalili njema kwamba injini inapoa vizuri. Petroli nayo ikaanza kuisha upesi.

Hapo ndipo mfanyakazi mwenzangu aliponishauri ninunue kifaa cha OBD. Ni kidude cha ukubwa wa kiberiti, unakichomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, kinaongea na simu kwa Bluetooth, na programu ya simu (mimi natumia Torque) inakuonyesha kile ambacho kompyuta ya gari inakiona: mizunguko ya injini, volti za betri na, nililolitaka mimi, joto la maji kwa nyuzi kamili.

Cha kwanza nilichonunua mtaa wa Gerezani hakikufaa. Kilikuwa kinawaka taa, simu inakiona, lakini hakiungani na gari. Vipo vingi vya namna hiyo, vimebandikwa majina mazuri na ndani vimepunguzwa uwezo. Muuzaji alinibadilishia, kwa sababu nilikuwa nimekubaliana naye kabla ya kulipa kwamba nakijaribu kwenye gari. Fanyeni hivyo hivyo. Na kama gari lako limetoka Japani na ni la kabla ya 2008 hivi, usinunue kabla hujajaribu, maana mengi ya zamani hayajibu vifaa hivi vya kawaida. Wenye iPhone waulize cha Wi-Fi au chenye Bluetooth LE. Changu kinakubali Android tu.

Alfajiri ya kwanza nilikwenda nacho Chalinze, simu nimeibana kwenye kishikio. Baada ya Kibaha, mwendo wa 80, namba ilikuwa 66, 68, 71, haipandi zaidi. Themostati ya gari kama hili hufunguka karibu nyuzi 82. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Bila hiyo maji yanazunguka muda wote, upepo wa barabarani unayapoza mno, na kompyuta ya injini inadhani bado ni asubuhi, inaongeza petroli. Ile taa ya bluu iliyonifurahisha ilikuwa inanieleza haya, nami sikuielewa.

Jioni, foleni ya Kimara. Namba ikapanda: 88, 94, 97. Nikaisikia feni ikiwaka. Nikangoja ishuke, haikushuka. 101. 104. Nilizima AC, nikawasha hita kama nilivyofundishwa, ikarudi 99. Taa nyekundu haikuwaka hata mara moja. Hilo ndilo lililonishtua kuliko mvuke wa Kitonga: kumbe nilikuwa narudi nyumbani kila siku na injini iliyo karibu kuchemka, na dashibodi imenyamaza.

Nilizipeleka namba hizo kwa fundi mwingine, mzee wa gereji moja Ilala. Hakufungua boneti kwanza. Alisoma simu yangu, akauliza, "Barabarani baridi, kwenye foleni moto, na feni inafanya kazi?" Nikamwambia ndiyo. "Basi themostati haipo na rejeta imeziba, mama." Alipoishusha rejeta, maji yaliyotoka yalikuwa rangi ya matofali, na vijibomba vyake vilikuwa na ukoko mweupe. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi ile maji yakipata moto hubaki ndani ya rejeta, wakati kutu inakula injini. Barabarani upepo mwingi ulikuwa unauficha uzibaji huo. Kwenye foleni hapakuwa na upepo wa kuuficha.

Alikagua na gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini (hedi) na sehemu ya chini: hakukuwa na maji kwenye oili, hakukuwa na moshi mweupe, wala mapovu kwenye rejeta injini ikiwa inanguruma. Nilipumua. Hedi ikishapinda, bei ni nyingine kabisa.

Nilibadilisha rejeta, themostati, mfuniko, nikaweka kulanti, dawa ya kupozea injini, iliyokwisha kuchanganywa na maji nusu kwa nusu. Jumla Sh 310,000 pamoja na ufundi. Kulanti watu huona ni anasa ya nchi za barafu. Ile dawa ndani yake inazuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji kwenye sufuria huchemka karibu nyuzi 95, kwa hiyo kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji matupu na mfuniko mchovu vinavyokuweka pabaya.

Namba za sasa: barabara kuu 83 hadi 86. Foleni ya Kimara hupanda mpaka 94 au 95, feni inawaka, inashuka 89, inapanda tena, kama kupumua. Pasaka nilipandisha Kitonga tena nyuma ya malori yale yale, AC nimezima kuanzia chini, nikafika juu na 97. Nimeweka kengele kwenye programu ilie ikifika 103, ili nisiwe naitazama simu badala ya barabara.

Kasoro za kifaa ni hizi. Kinachomoza, goti linakigonga ukiingia, na changu kilishalegea mara mbili. Nikikiacha kwenye soketi huku gari limelala siku nyingi kinanyonya betri. Baada ya safari ya wiki moja niliikuta imechoka, sasa nakichomoa. Tena kuna jambo moja la hatari: kisoma joto cha injini kinapima kikiwa kimezama kwenye maji. Kama mpira umepasuka na maji yameisha, kinaweza kubaki hewani na kuonyesha namba ya chini wakati injini inaungua. Namba ikiporomoka ghafla mlimani, au ukisikia harufu tamu ya kulanti, simama. Kifaa hiki pia hakichukui nafasi ya kufungua boneti asubuhi na kutazama kiasi cha maji kwenye chupa ya akiba.

Nimeshakitumia miezi mitano na ningekinunua tena leo kwa bei ile ile. Wiki iliyopita alikiazima kaka yangu kwa ajili ya gari lake, ambalo anasema halijawahi kuchemsha. Kwenye barabara ya Bagamoyo, mwendo wa 80, lilisoma 70, na namba haikupanda zaidi ya hapo mpaka anarudi. Jumamosi tunampeleka kwa yule mzee wa Ilala akaangalie kama themostati ipo.